Nimefuta vituo 23 kwenye ramani, na sivirudishi

Nimepotea muda mrefu, najua. Waliozoea kuja hapa kusoma mambo ya Linux na hifadhidata watanivumilia, maana leo sina msimbo wa kumwonyesha mtu. Leo nina hasira, na nataka kuiandika kabla haijapoa.

Kwa mgeni: mimi natengeneza programu za kompyuta, kwetu ni Ngong, na kwa miezi 14 nimeishi ndani ya Hiace. Ilikuwa matatu iliyochoka, nikainunua, fundi wa jua kali pale Kiserian akang'oa viti vya abiria, tukaweka kitanda, tangi la maji la lita 60, jiko la gesi, paneli mbili za sola juu ya paa na betri inayoweza kuendesha laptopu siku nzima. (Kubadilisha gari namna hiyo kunataka ukaguzi na stakabadhi mpya. Hiyo ni makala ya siku nyingine, itakuwa ndefu na itakuwa na machozi.) Nafanya kazi za wateja popote palipo na mtandao na nalala popote palipo salama. Mwenzangu ni mbwa wa kienyeji, rangi ya mandazi, anaitwa Bosi kwa sababu tangu niache ofisi nilikosa mtu wa kunipigia kelele asubuhi.

Tumekwenda naye Olorgesailie na Magadi, Namanga, Loitokitok chini ya Kilimanjaro, milima ya Taita, pwani ya kusini, pwani ya kaskazini mpaka Malindi, kisha tukapanda mpaka Nanyuki tukautazama Mlima Kenya kutoka chini. Kutoka chini, narudia, kwa sababu mlimani kwenyewe ni hifadhi ya taifa na mbwa haruhusiwi. Nilikaa siku nne Nanyuki nikitazama vilele vya mita 5,199 kama mtu anayetazama chakula cha jirani.

Humo njiani nikatengeneza ramani. Kitu kidogo tu, jioni mbili za kazi. Anayesafiri na mbwa anaweka kituo: hapa unaweza kulala, hapa kuna maji, mwenye kambi hii hana shida na mbwa. Ilianza na vituo vyangu, mkaongeza vyenu, mwezi uliopita vilikuwa vimepita 300. Wiki iliyopita nikafuta 23. Baadhi vilikuwa ndani ya hifadhi kabisa, na maelezo kama "mfunike blanketi mpaka upite lango" au "ingia mapema, askari haangalii nyuma ya gari". Vingine vilikuwa nje ya mpaka, kwenye malisho ya watu huku Kajiado, karibu na maboma, na maelezo ni yale yale: "hakuna anayekuuliza".

Jamani, ujumbe mlionitumia! Nimeitwa kibaraka wa KWS. Nimeambiwa nimewasaliti wapenda mbwa. Mmoja akauliza kama Bosi naye alisaini uamuzi huo... hilo lilinichekesha, nakiri. Haya, nitajibu yote hapa mara moja ili nisijibu tena.

Tuanze na hifadhi. Kanuni ya KWS ni fupi: wanyama wa kufugwa wabaki nje. Nami nasema kanuni hiyo ni sawa, na ninayesema ni mtu anayelala na mbwa miguuni kila usiku. Hoja yenu ya kwanza, iliyorudiwa na karibu kila mtu, ni kwamba mbwa wenu wamechanjwa. Vizuri sana. Wangu pia. Sasa niambie askari wa lango atajuaje. Una kadi ya karatasi yenye muhuri na sahihi, na mimi kwa printa yangu naweza kukuchapia ishirini kama hiyo kabla chai haijachemka. Wengi wenu mnasimamia seva. Unafungua milango yote halafu unawaomba wageni wawe waungwana? Hapana. Unafunga yote, kisha unafungua ile tu unayoweza kuilinda. Askari mmoja, foleni ya magari alfajiri, hana maabara. Kanuni anayoweza kuisimamia ni moja: hakuna mbwa.

Tena kichaa cha mbwa si ugonjwa pekee. Kuna mwingine, distempa. Kama umewahi kuona mtoto wa mbwa anatokwa na makamasi mazito, anaharisha, halafu taya linaanza kumtetemeka mpaka anakufa, umeuona. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliingia kwa simba wa Serengeti ukaua takriban 1,000, yaani karibu theluthi ya simba wote wa pale, ukavuka mpaka hadi Maasai Mara. Simba! Wakianguka na kupigwa degedege mbele ya watalii. Watafiti walifuatilia njia yake wakarudi kwenye mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi, na baada ya hapo ndipo kampeni kubwa za kuchanja mbwa wa vijiji hivyo zikaanza. Kabla ya simba, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mbwa mwitu walikuwa wameshatoweka Serengeti na Mara, na kichaa kilikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2017 distempa ikapita Laikipia ikafagia karibu mbwa mwitu wote wa huko, wanyama ambao watu walikuwa wamesafiri kutoka mbali kuja kuwaona. Kwa hiyo ukimfunika mbwa wako blanketi langoni, ujue unachofunika.

Hoja ya pili: eti KWS wenyewe wana mbwa. Ndiyo, wanao, wa kunusa pembe na kufuata nyayo za majangili. Wana daktari wao, wana rekodi zao, wana kamba shingoni na mtu wa kuwajibika. Bosi ana kazi gani mbugani? Kukojolea miiba.

Hoja ya tatu ina uzito zaidi: mbona ng'ombe huingia wakati wa kiangazi? Huingia, ndiyo, na kila mkazi wa Kajiado anajua ni kwa nini, kwa sababu nyasi zimekwisha na mtu anaona mali ya ukoo wake inakufa kwa miguu yake yenyewe. Huo ni ugomvi wa ardhi na maisha, ni mkubwa kuliko mimi na wewe. Usijipachike humo. Wewe unataka picha ya mbwa na twiga.

Sehemu ya msitu wenu mnayo, kwa njia. Karura, ambao uko chini ya KFS na si KWS, unaruhusu mbwa akiwa na kamba. Mimi nimepita pale na Bosi mara nyingi. Tofauti ni kwamba Karura umezungushiwa uzio na hauna simba wa kuambukizwa.

Sasa nije kwenye vile vituo vya nje ya mpaka, maana hapo ndipo mlipokasirika zaidi. "Pale si hifadhi, ni uwanda tu." Uwanda tu! Ndugu zangu, hapa kwetu mpaka ni mstari kwenye ramani yangu, kwa mnyama haupo. Hifadhi ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 hivi, na upande wa kusini, kwenye mto Mbagathi, haina uzio. Iliachwa wazi makusudi ili nyumbu na pundamilia watoke kwenda nyanda za Kitengela na Athi-Kapiti na kurudi. Wanapotoka, simba huwafuata. Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuingia kwenye zizi na kuua mbuzi. Machi 2016 simba aliyeitwa Mohawk alipigwa risasi Isinya, kilomita nyingi kutoka hifadhini, baada ya kumjeruhi mtu. Huo ndio "uwanda tu" mnaotaka kumfungulia mbwa mlango wa gari saa tano usiku.

Na watu wanaoishi hapo hawajakaa wakisubiri sisi wa mjini tuwafundishe. Ni kijana wa hapo hapo Kitengela, Richard Turere, aliyegundua akiwa mtoto kwamba simba huogopa taa inayosogea kuliko taa iliyosimama. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kisanduku cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi zilizoharibika, akazungusha zizi la baba yake taa zinazowakawaka kwa zamu, kana kwamba mtu anatembea na tochi. Simba wakaacha kuja. Mwaka 2013 akasimama kwenye jukwaa la TED kuieleza dunia. Mimi nina shahada ya sayansi ya kompyuta na sijawahi kutengeneza kitu chenye manufaa kama kile kisanduku cha indiketa. Nimetengeneza fomu nyingi sana za kujisajili.

Halafu katikati ya mpangilio huo wa taa, mbwa wa boma na mchungaji anayelala jicho moja, unafika wewe na gari lako na mbwa mgeni.

Nilifika hivyo mwenyewe, ndiyo maana najua. Ilikuwa kati ya Bissil na Namanga, mwezi wa pili wa safari. Nilisimama jioni karibu na boma, nikaenda kuomba kulala. Mzee mmoja akatoka, tukasalimiana, nikamwita mzee wangu, akanitazama, akalitazama gari, akamtazama Bosi aliyekuwa ametoa kichwa dirishani. Hakuniuliza ninatoka wapi. Aliuliza:

"Kijana, huyo mbwa amechomwa sindano?"

Nikamwambia amechomwa, kadi ninayo. Akasema karatasi hajui kusoma vizuri, lakini mwaka uliotangulia ng'ombe wake mmoja alianza kulia bila kunyamaza, mate yanamtoka, anagonga kichwa kwenye uzio, akafa siku ya tatu, na hakumruhusu mtu kuonja hata kipande cha nyama ingawa watoto walikuwa na njaa. Mbwa wa kupita ndiye aliyemuuma. "Lala," akaniambia, "lakini mbwa alale ndani ya gari na mlango ufungwe." Nikafunga. Usiku kucha mbwa wake wanne walilizunguka gari wakibweka na Bosi anawajibu, sikulala hata kidogo, na asubuhi nilipoaga nikajisikia kama mtu aliyekwenda kwenye nyumba ya watu na kukanyaga zulia na viatu.

Hiki ndicho kituo cha kwanza nilichokifuta. Kilikuwa changu.

Kuhama na mbwa si uvumbuzi wetu sisi wenye sola juu ya paa. Watu wa hapa wamehama na mbwa kabla ya injini kuvumbuliwa. Mbwa wa boma ni kengele ya usiku, hafungwi, hana kola, anakula anachopata. Wengi hawajachanjwa, na kosa si la mwenye boma. Daktari wa mifugo yuko mbali, chanjo inataka baridi, pikipiki inataka mafuta.

Nilikuwa najua hayo yote kama mtu anavyojua habari za redioni. Pwani ndipo yaliponiingia.

Tulikuwa kusini, upande wa Msambweni, tumelala chini ya minazi. Joto la pwani mnalijua. Nikaacha mlango wa pembeni wazi ili upepo upite. Alfajiri mbwa wawili wa kuranda wakaja kunusa masufuria, Bosi akaruka nje, vita vikaanza. Na mimi, kwa akili ya usingizi, nikaingiza mkono katikati kuwatenganisha. Usifanye hivyo kamwe. Mwagia maji, tupa blanketi, piga honi, lakini mkono wako uache mwilini mwako. Niliumwa kwenye kiganja, meno mawili yakaingia vizuri. Mpaka leo sijui ni mbwa yupi.

Mvuvi aliyekuwa akivuta ngalawa alikuja mbio. Hakuangalia damu, alinipa sabuni ya mche na debe la maji. "Osha, kaka. Osha, usiache. Osha mpaka nikwambie." Dakika kumi na tano kwa saa yake. Baadaye nilikuja kusoma kwamba ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15, kabla ya kitu kingine chochote. Huyo mvuvi sijui alijifunzia wapi. Nilipomuuliza akasema tu kwamba kijijini kwao walizika mtoto.

Mbwa anayeuma akiweza kufungwa na kutazamwa siku kumi akabaki mzima, huwa ni habari njema, hakuwa na kichaa kwenye mate siku ile. Bosi ningeweza kumtazama. Wale wawili walikuwa wameshapotea vichakani.

Kituo cha afya cha kwanza hakikuwa na chanjo. Cha pili walisema labda kesho. Nikamuuliza muuguzi, "Sista, nikisubiri kesho kuna ubaya?" Akanijibu, "Usisubiri. Vuka leo uende Mombasa." Nikiwa natoka nikamwona mama mmoja amekaa kwenye benchi na mtoto wa kiume wa miaka sita au saba, shavu limefungwa kitambaa. Aliumwa siku tano zilizopita. Siku tano! Mama alikuwa ameshapaka dawa za nyumbani, kisha akaambiwa aende hospitali, na sasa anaambiwa Mombasa na nauli hana. Virusi vya kichaa husafiri kwenye mishipa ya fahamu polepole kuelekea ubongoni. Kutoka mguuni ni safari ndefu, kwa wengine wiki hata miezi. Kutoka shavuni ni hapo tu. Dalili zikishaanza hakuna dawa, karibu kila mtu hufa.

Nikawaambia twende. Na hapa ndipo pananiuma mpaka leo. Mtoto alipouona mlango wa Hiace umefunguliwa na mbwa ndani, alipiga ukelele ambao sijui niuandikeje. Nilimfunga Bosi nyuma kabisa, nikatundika shuka katikati, mama na mtoto wakakaa mbele na mimi. Njia nzima mpaka kivuko cha Likoni mtoto hakugeuka. Bosi akikohoa tu, mtoto anashika mkono wa mama kwa mikono miwili. Kwenye foleni ya feri joto lilikuwa kali, na sikuthubutu kumtoa mbwa nje anywe maji.

Mombasa tulichomwa wote wawili, mtoto na sindano nyingine ya ziada kwenye jeraha kwa sababu ni usoni. Dozi zake na zangu nililipa mimi, sisemi ili nisifiwe, nasema ili mjue kwamba bila mgeni mwenye gari na pesa za kazi ya kompyuta ingekuwa vipi. Namba ya yule mama ninayo. Mtoto alimaliza dozi zote na ni mzima, anakwenda shule, na mbwa akipita anabadilisha njia.

Ratiba yangu ilikuwa siku ya 0, 3, 7, 14 na 28. Nikaiweka kwenye laptopu kama zile kazi za seva zinazojiendesha usiku. Tofauti ni kwamba seva ikikosa kazi unaiendesha upya asubuhi. Safari nzima ikageuka kuwa safari ya kutafuta jokofu lenye chanjo: siku ya 7 niliipata Voi, siku ya 14 katika mji mmoja chini ya Kilimanjaro nikaambiwa imekwisha, nikaendesha mpaka mji wa pili, siku ya 28 nikawa nimerudi Ngong kwa mama yangu, ambaye alimtazama Bosi wiki nzima kama mshukiwa.

Kwa hiyo mnaponiandikia kuhusu "uhuru wa mbwa", mimi nasikia ukelele wa mtoto yule.

Na nambari zenyewe ni hizi. Duniani kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 hivi kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na zaidi ya 99 kati ya 100 wameambukizwa na mbwa. Watu 4 kati ya 10 wanaoumwa ni watoto chini ya miaka 15. Kenya ilizindua mkakati wa kitaifa mwaka 2014 wa kuvifuta vifo hivi ifikapo 2030, na mkakati wenyewe ulikadiria vifo vinavyofikia 2,000 kwa mwaka nchini. Walianza na kaunti tano: Machakos, Kitui, Makueni, Siaya na Kisumu. Angalieni ramani, Machakos na Makueni ni majirani zetu wa Kajiado. Mbwa hasimami kwenye kibao cha kaunti.

Kinachonipa hasira ya pekee kama mtu wa hesabu ni kwamba ugonjwa huu ni dhaifu. Watafiti waliofuatilia mbwa wagonjwa mmoja mmoja huko Serengeti na Ngorongoro waliona kila mbwa mgonjwa huambukiza wastani wa mbwa mmoja hadi wawili tu. Surua ikikuona hivyo itakucheka. Ukichanja mbwa 70 kati ya 100 mara moja kwa mwaka, mnyororo unakatika. Kwa nini 70, wakati mahesabu yanaonyesha hata chini ya hapo panatosha? Kwa sababu mbwa wa kwetu hawaishi sana. Wazee wanakufa, watoto wanazaliwa bila kinga, na kabla mwaka haujaisha ile 70 imeshashuka. Unaweka akiba ya kushukia. Hesabu yenyewe inaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

Na chanjo ya mbwa ni shilingi mia chache. Yangu mimi, dozi tano, ilinigharimu karibu shilingi 10,000 bila kuhesabu mafuta na siku nilizopoteza. Pesa hiyo ingechanja mbwa wote wa lile boma la Bissil na maboma kumi ya jirani.

Najua mnachotaka kusema sasa, kwa sababu watatu wameshanitumia michoro. QR kwenye kola! Programu ya simu! Mmoja ana wazo la blockchain, Mungu amsamehe. Jamani, mbwa wa boma hana kola. Mzee wa Bissil hahitaji kuskani kitu, anajua mbwa wake wote kwa sura na tabia. Kinachokosekana ni sanduku la barafu, pikipiki, mtu wa kushika sindano na Jumamosi moja kwa mwaka. Sisi watu wa kompyuta tuna ugonjwa wetu, wa kuona kila pengo kuwa pengo la programu, na huo hauna chanjo.

Kuna moja tu ambalo programu inaweza kufanya na nimelifanya. Kila kituo kwenye ramani sasa kinataka sehemu mbili za lazima, bila hizo hakihifadhiki. Ya kwanza: nani alikupa ruhusa ya kulala hapo. "Hakuna anayekuuliza" haikubaliki, msimbo unaikataa kwa herufi zozote utakazoiandika, nimejaribu. Ya pili: hospitali au kituo cha karibu chenye chanjo ya kichaa ya binadamu, na tarehe uliyothibitisha kwa simu au kwa kwenda. Tarehe ikipita siku 30, kituo kinageuka kijivu mpaka mtu athibitishe tena.

Fukwe zina sheria ya tatu. Kuanzia Watamu kwenda juu na kokote kasa wanakotaga, kituo kinaonyeshwa tu kama kuna mahali pa kumfunga mbwa usiku. Kasa anapanda mchangani gizani, anachimba, anafukia mayai zaidi ya mia, anarudi baharini. Mbwa anahitaji dakika tano kufukua yote. Watamu ni hifadhi ya bahari tangu 1968, lakini kasa naye hasomi mabango, hutaga hata mbele ya mahema yenu.

Kuhusu wale waliosema watahamisha vituo 23 kwenye ramani yao wenyewe: hameni salama. Data ni zenu, faili nimeiweka wazi mwaka mzima. Nimetoa tu kile kituo cha boma la Bissil, hicho kilikuwa changu na nina haki ya kukiondoa kila mahali.

Mwezi uliopita mimi na majirani watatu hapa Ngong, upande wa kwenda Kibiko, tulimwita daktari wa mifugo tukachangishana. Mbwa 41 kwa asubuhi moja, wawili wakatoroka, mmoja akamuuma daktari, ambaye alicheka kwa sababu yeye alichanjwa zamani. Bosi alichomwa wa kwanza ili awaonyeshe wenzake mfano, akapiga kelele kama anachinjwa, na foleni yote ikajaribu kuondoka.

Nyongeza: mliouliza kuhusu kuvuka Namanga kwenda Tanzania na mbwa, andaeni cheti cha chanjo ya kichaa, cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, na kibali cha Tanzania cha kuingiza mnyama, vyote kabla hamjaondoka nyumbani. Mimi nilifika na viwili. Nikageuza gari, tukarudi kulala Kajiado mjini.